Mkwe wa Siku ya Wito

Stendi ya Tukuyu wananiita mwanasheria. Sokoni pia, na kanisani, na siwakatazi, maana sijawahi kuona mtu akirudisha heshima aliyopewa bure. Ukweli ni kwamba nina cheti cha kidato cha nne, nina mtoto wa kike wa miaka mitatu, na ninajifunza ukarani kwa wakili mmoja mwenye ofisi juu ya duka la mbolea. Kujifunza kwenyewe ni hivi: asubuhi ninafungua madirisha, ninafuta ukungu kwenye mafaili ya watu waliogombana kabla sijazaliwa, kisha ninawasha jiko la mkaa pale kwenye ngazi na kulikausha joho la wakili, kwa sababu mvua ya huku ikishaingia kwenye nguo haitoki yenyewe. Siku joho liliponuka moshi mbele ya hakimu, wakili alisema ninamharibia taaluma. Taaluma ilikuwa inanuka kama samaki wa kubanika.

Mengine nimejifunza kwa kusikiliza. Anayesema "mimi sitaki kesi, nataka haki yangu tu" atakaa kwenye benchi letu mpaka wajukuu zake waanze kunyoa ndevu. Wakili hasemi amesahau, anasema jambo lipo kwenye hatua. Na mteja akilia, unampa kiti kwanza, kitambaa baadaye, maana akipata kitambaa akiwa amesimama anaondoka bila kusema tatizo lake.

Binti yangu anashinda palepale ofisini. Wakili alisema mwanzoni kwamba mtoto kwenye ofisi ya sheria haipendezi. Wiki ile ile nikamkuta amemshikisha mihuri, na mtoto amejigonga "NAKALA HALISI" kwenye paja. Nilicheka kwa hasira. Hata muhuri ulikuwa umekubali. Waliokuwa hawajakubali ni ukoo wa baba yake.

Baba yake yuko Tunduma, simu yake inaita mpaka inachoka. Nilipopata mimba, wajomba zangu walinipeleka Nkunga kwa wazazi wake, kama inavyofanywa: binti anapelekwa kwa mhusika, wazee wanakaa, wanaongea. Sisi hatukukalishwa. Mzee mwenyewe hakutoka ndani. Alimtuma mkewe, naye akasimama mlangoni akasema, "Mume wangu anasema huyo binti hatumjui." Wajomba wakageuza. Mimi nikatapika kwenye maua yao, na hicho ndicho kitu pekee nilichowahi kuacha katika ule mji.

Tangu siku ile nilitaka jambo moja. Ng'ombe wa mahari sikuwataka tena, na huyo kijana wao wakae naye. Nilitaka mzee aseme kwa mdomo wake kwamba mtoto ni wa mwanawe. Siku mimi nikiondoka duniani, mwanangu awe na mahali pa kubisha hodi bila kuulizwa yeye ni nani.

Basi mama mmoja mjane wa Nkunga akapanda ngazi zetu na mkungu wa ndizi kichwani. Jirani yake, alisema, amesogeza mpaka na kula mistari ya chai yake. Wakili akaandika maombi, tukayapeleka baraza la ardhi, baraza likatoa wito. Wito ndio karatasi inayomwambia mtu kwamba ameshtakiwa na aje siku fulani. Kuipeleka ni kazi yangu. Nikasoma jina la mshtakiwa, nikaigeuza karatasi kifudifudi mezani.

"Umeona pepo?" wakili akauliza.

"Wakili, huyu mzee ni babu wa mtoto wangu."

"Babu kwa sheria ipi? Ndoa ipo?"

"Haipo."

"Mahari?"

"Hata kuku."

"Wamemkiri mtoto kwa maandishi?"

"Hata kwa mdomo."

"Basi huyo ni mzee tu wa Nkunga mwenye kesi. Nenda dada, mvua haijaanza."

Alijua sana anachokifanya. Ni mtoto wa Kinyala huyo, kijiji cha hukuhuku kwetu. Mke wake ni mwalimu wa kemia, ana digrii, na baba wa wakili akija kuwatembelea, mwalimu wa kemia anahamia jiko la nje mpaka mzee aondoke. Kwetu mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamtazami usoni, halitamki jina lake. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia kwenye migomba na kugeuza kisogo mpaka mzee apite. Vijana wa mjini wanayacheka mambo haya, halafu wakienda kijijini wanageuza visogo kama wengine wote.

Lakini mimi si nilikataliwa? Njia nzima juu ya bodaboda nilikuwa naliwaza hilo, na lilikuwa linanipa raha. Kama hawanijui, basi nitamtazama yule mzee usoni nitakavyo, nitampa karatasi mkononi, nitamwambia aweke sahihi hapa na hapa. Nikampitia balozi wa nyumba kumi awe shahidi, kama utaratibu ulivyo, tukaingia.

Mama, yule mke wa mzee, alikuwa anamenya ndizi uani. Aliponiona aliinuka na kisu chake.

"Mkwe, simama hapohapo. Baba yupo kibarazani."

Niligeuka kuangalia kama kuna mkwe nyuma yangu. Kulikuwa na balozi, na mbuzi.

"Mama, unasema na mimi?"

"Nasema na nani mwingine? Mwanamke gani anamwendea baba mkwe kichwa wazi? Kwenu hawakukufunza?"

"Mwaka ule mlisema hamnijui."

"Ya mwaka ule ni ya mwaka ule. Shuka chini huko."

Mzee alikuwa amekwisha kuona bahasha mkononi mwangu. Nilipozunguka nyumba kwa kulia, nikaona mkia wa koti lake unaishia kushoto. Nilipozunguka kushoto, mama akaniwahi huku anapiga kelele, "Mkwe, baba anapita, mkwe." Nilikuwa sijawahi kuitwa mkwe hata mara moja maishani, na asubuhi ile niliitwa hivyo kuliko wanawake walioolewa kwa ng'ombe. Majirani walianza kusogea. Yule mjane naye alikuwa ng'ambo ya mpaka wenye kesi, anajifanya anachuma chai.

"Balozi," nikasema, "mpe wewe."

"Mwanangu, mimi nimekuja kushuhudia," balozi akasema. "Na mila unaziona."

"Nazionea wapi, balozi? Mila hizi zilikuwa wapi nilipokuja na tumbo?"

Balozi akatazama mbuzi.

Nirudi na karatasi, kesi ya mjane iahirishwe, nitumwe tena, mzee azunguke nyumba tena. Ndivyo walivyopanga. Nikavua kitenge kiunoni, nikajifunika kichwa mpaka kwenye nyusi. Nikapiga magoti katikati ya uwanja na kukipa kibaraza kisogo, kama mkwe aliyelelewa vizuri kuliko wote Rungwe. Kisha nikaufungua wito na kuusoma kwa sauti ya kanisani, ili mtu aliye nyuma ya nyumba asikie. Baraza. Maombi. Mleta maombi ni fulani. Nikafika kwenye jina la mjibu maombi, nikalisoma. Kamili, polepole, pamoja na la baba yake na la babu yake.

Mama akaweka mikono kichwani. "Amemtaja. Balozi, amemtaja baba mkwe wake."

"Nimesikia," balozi akasema, kwa sauti ya mtu ambaye angependa asiwe amesikia.

Nikaweka karatasi kwenye kigoda cha mama, nikaigandamiza kwa ndizi yake mwenyewe, nikaondoka.

"Ulimfikishia mkononi?" wakili akauliza ofisini.

"Nilimfikishia kwa kisogo."

Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaacha kucheka, akachora kitu kwenye daftari lake, na hakuniambia ni nini. Wakili akinyamaza hivyo kuna mtu ataumia, na mara nyingi si yeye.

Siku ya baraza nilienda na mtoto, sikuwa na wa kumwachia. Mzee alikuja. Alivaa suti ya kaki na kofia, mkewe nyuma yake. Nilipomwona anaingia, miguu yangu ilifanya ujinga: ilinipeleka yenyewe kwenye kona, uso ukutani. Sikuipa ruhusa. Ni mambo unayoyaona kwa mama yako tangu mdogo, yanaingia kwenye misuli.

Mwenyekiti wa baraza akaita kesi. Mzee akasimama kabla hajaulizwa.

"Mheshimiwa, mimi nimekuja kwa heshima tu. Wito sikuupata. Naomba haya mambo yafutwe, waanze upya."

"Hapa nina kiapo cha karani kwamba uliletewa nyumbani, balozi akiwepo."

"Aliyeuleta ni mtu asiyeruhusiwa kunikaribia. Kwa mila zetu hilo halihesabiki. Ni kama hakuna aliyekuja."

"Haruhusiwi kwa nini?"

Hapo nikaisikia suti ya wakili inasogea kwenye kiti. Ndipo nilipojua alichokuwa amekichora.

Mzee alikuwa ameshaliona shimo, nadhani, lakini alikuwa amelisogelea mno. Akisema mimi si kitu kwake, basi nilikuwa karani tu na wito ulifika. Akisema siruhusiwi kumkaribia, aseme na sababu. Mjane alikohoa. Mimi nilikuwa naangalia rangi ya ukuta inavyobanduka, nimemshika mtoto mkono kwa nguvu mpaka akalalamika.

"Ni mkwe wangu," mzee akasema.

"Mke wa mwanao?"

"Ndiyo."

"Ndoa ipo?"

"Ndoa ni taratibu, mheshimiwa, zitafuata. Lakini ana mtoto wetu. Yule pale. Ni mjukuu wangu."

Miaka mitatu na zaidi. Wajomba zangu walitembea mpaka Nkunga kwa ajili ya maneno hayo wakapewa mlango. Kumbe ilitakiwa mistari ya chai.

Wakili akasimama taratibu kama mtu anayepokea baraka. "Mheshimiwa mwenyekiti, hatuna pingamizi na maneno ya mjibu maombi kuhusu familia yake. Tunaomba tu yaingie kwenye kumbukumbu kama alivyoyasema."

Yakaingia. Kisha mwenyekiti akamwambia mzee kwamba mtu aliyesimama mbele yake na suti ya kaki amefikiwa na wito vya kutosha, akae, kesi inaanza. Mzee alikaa. Alikuwa ametoa alichoninyima, na hakupata alichokitaka. Ningefurahi zaidi kama ningeweza kuuona uso wake.

Tulipotoka, wakili akanifuata kwenye korido.

"Faili hili sasa nitalishika mwenyewe. Wewe ni ndugu wa upande wa pili."

"Tangu lini?"

"Tangu saa nne hii. Imeandikwa." Akaenda zake, anafurahia kazi yake.

Mama naye akaja, sauti imekuwa asali. "Mkwe, Jumapili umlete mtoto tumwone. Sisi ni watu, si wanyama."

"Mama, mtoto alikuwa ndani ya tumbo nilipomleta. Hakuna aliyetoka kumwona."

"Una mdomo, wewe."

"Ndio unaonilisha."

Alitaka kujibu, lakini mlango ukafunguka na kofia ya mzee ikatokea. Korido ni nyembamba. Watu wote waliokuwa kwenye mabenchi wakanitazama mimi, maana habari ilikuwa imetembea, na walitaka kuona mkwe mpya atafanya nini. Ningeweza kusimama hivyohivyo nikamkazia macho. Nilikuwa na hasira ya kutosha kusimama mpaka jioni. Lakini angeweza kesho kusema mwanamke yule hana adabu, hawezi kuwa wa kwetu, na maneno ya barazani yakabaki karatasi.

Nikavuta kitenge kichwani na kugeukia ukuta. Mtoto nikamsukuma mbele. Mjukuu hana mwiko na babu.

"Msalimie babu yako," nikauambia ukuta.

"Shikamoo babu."

Kulikuwa na tangazo mbele ya pua yangu linalokataza kutema mate ovyo, nikalisoma lote mpaka sahihi ya aliyelitoa, na mzee alikuwa bado hajajibu.

"Marahaba," akasema mwishowe. Nikasikia magoti yake yanalia, ameinama. "Unaitwa nani, mama?"

Mtoto akataja jina lake, kisha jina la baba yangu, maana ndilo la pili nililomwandikisha, nalo analitaja kwa sauti kubwa kama nilivyomfundisha. Korido nzima ilisikia.

Sikumsahihisha.