Kifuniko Kimoja cha Hadina

Baba alikuwa wa kwanza pwani yetu kutengeneza magari ya mchangani, yale wazi yasiyo na milango wala paa, ya kukimbizia kwenye vilima vya mchanga huko Mambrui. Alichukua gari dogo la Kijerumani lenye mgongo wa mviringo, akalivua bodi, akalivika nyingine ya faiba aliyoibuni mwenyewe. Watalii walipanga foleni. Wengine wakaja kuiga, na wote waliiga vibaya. Hilo nitamsifia mpaka kufa kwangu, kwa sababu jingine la kumsifia sina.

Mimi sikuruhusiwa kugusa kalibu, lile umbo kubwa ambalo kila bodi ilifinyangwa ndani yake. "Mkono wa mtoto wa kike unaharibu kazi," alisema mbele ya wateja. Wakacheka, naye akarudia kwa vile wamecheka. Nilipewa vitambaa nishone viti. Ndugu zangu wa kiume walifundishwa kila kitu, na hakikuwaingia hata kimoja.

Sasa magari yote yameoza, ndugu zangu hawapokei simu zake, na Baba anaishi kwangu huku ughaibuni, Mississauga. Kalibu lilikuja naye ndani ya kontena. Mimi nafanya kazi Malton, kwenye kiwanda cha mabafu ya faiba, mwaka wa kumi na mbili huu, na wanaoanza kazi huletwa kwangu niwafundishe. Baba alikuwa hajawahi kuniuliza nafanya kazi gani. Aliniona nikirudi na nywele zimejaa vumbi jeupe, akadhani nafagia.

Mwezi wa kumi na moja alikuja Mzungu mmoja, mkusanyaji wa magari ya zamani. Alitaka bodi moja mpya kutoka kwenye kalibu lile, aiweke kwenye ukumbi wake wa maonyesho, na jina la Baba liandikwe ubavuni. Baba alilia. Hakulia hata tulipomzika Mama, na mimi nilikasirika.

Mikono yake inatetemeka, kwa hiyo ilibidi atumie yangu. Tuliingia gereji Jumapili mchana, theluji ya kwanza ikianguka. Nikapaka nta kwenye kalibu ili bodi isigandamane nalo, nikatandika matabaka ya faiba. Rezini, ile gundi ya kulowesha faiba, ni uji tu mpaka uitie hadina, dawa ya kuigandisha. Chupa ya hadina aliishika mwenyewe.

"Kifuniko kimoja kwa kila kopo," akasema. "Ukizidisha, inaungua na kupasuka."

Ni kweli kabisa, kwenye joto la Mombasa. Kwenye baridi ile unahitaji viwili na zaidi, na hita juu yake, la sivyo rezini inabaki mbichi, inakula nta, inauma uso wa kalibu. Mtu wa wiki ya kwanza kiwandani kwetu anajua.

"Baba, hapa kuna baridi..."

"Wewe shika brashi. Mambo ya dawa waachie mafundi."

Nikashika brashi. Nilipaka vizuri mno, kila kona, bila kiputo hata kimoja, na sitadanganya, nilikuwa na raha.

Jumatatu aligusa, kidole kikanata. Jumanne vilevile. "Inachelewa tu," akaniambia. Nikaitikia, "Ndiyo, Baba," nikaenda kazini kufundisha watu kupima hadina. Ijumaa alitaka tuivute bodi, maana yule Mzungu angekuja kesho yake. Ilitoka vipande vipande kama utando wa maziwa, na uso wa kalibu ukatoka nayo. Palipokuwa laini pakabaki mashimo na nyuzi.

Baba akakaa juu ya ndoo. Akatazama jinsi nilivyoshika kisu cha kukwangulia.

"Wewe unafanya kazi gani?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo maisha yangu yote. Nikammwagia yote: kiwanda, miaka, watu ninaowafundisha. Nikamalizia, "Nilijua haitaganda."

"Tangu lini?"

"Tangu kifuniko cha kwanza."

Akapapasa pale palipochunika.

"Fundi angeninyang'anya chupa," akasema.

Nikampigia Mzungu simu asije. Alipouliza nani ameharibu, Baba alikuwa amekaa palepale akinisikiliza, nami nikasema mzee alikosea kipimo.