Chupa ya Damu ya Bernardo

Mwaka 1975 Pelagia alikuwa akichanja watoto katika vijiji vya Goweko, huku mumewe Bernardo akiwa hoi nyumbani, macho yamegeuka manjano kwa ugonjwa wa ini.

"Daktari, ugonjwa huu hauna chanjo?" Pelagia alimwuliza daktari aliyekuja kumpima mumewe.

"Bado, mama. Hata kijidudu cha aina hii ya ugonjwa wa ini hakijajulikana. Wanaokitafuta wanahitaji damu ya wagonjwa."

Bernardo alipoelezwa, alinyoosha mkono. "Chukueni. Huenda ikawafaa wengine."

Chupa ya damu yake ilisafirishwa kwa treni hadi kwa watafiti Dar es Salaam. Bernardo alifariki kabla ya mavuno, na jibu halikuja. Pelagia aliendelea kuchanja. Akina mama walimshukuru, naye alirudi kwenye nyumba isiyo na mtu wa kumwuliza ameshindaje.