Majani Juu ya Damu

Lori letu limekatika ekseli mlimani, nami nimetumwa kukata matawi ya kuweka barabarani ili wenye magari watuone. Nimevunja tawi la mleleshwa, na harufu yake imenirudisha porini juu ya kijiji cha Tumati, nikiwa mtoto, pamoja na marehemu baba.

Baba alikuwa amempiga pongo mshale. Kazi yangu ilikuwa kuweka jani la mleleshwa kwenye kila tone la damu, ili tukipotea turudi kwenye jani la mwisho. Mkanda wa katambuga yake, kiatu cha tairi, ulikatika. Alipokaa kuufunga, nilitangulia. Nikamkuta pongo amelala kichakani, anahema, ananitazama. Nikarudi kimya, nikapanga majani kuelekea korongoni, kwenye ardhi kavu.

Baba aliyafuata. Kisha akainama, akageuza moja, akageuza la pili.

"Damu iko wapi, baba?" akaniuliza.

"Imekauka."

"Imekauka kabla sijafika? Wewe una jua lako peke yako?"

Tulirudi nyumbani mikono mitupu. Asubuhi tukamkuta pongo, au kile fisi walichobakiza. Baba akachomoa mshale wake, akaufuta kwa nyasi.

"Ungeniita," akasema, "ningemmaliza asiteseke."

Miaka mingi baadaye alinipigia simu akiwa kitandani, hospitalini Haydom. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Uko wapi, baba?" akaniuliza.

"Niko njiani. Nimeshapita Mbulu."

Nilikuwa Tunduma, mpakani mwa Zambia, napakia mahindi.