Kutu niliyoiona nikanyamaza

Leo Jumamosi, Shelui. Nasema yote, hata yanayoniaibisha.

Nina wivu na Zuhura.

Ni binamu yangu. Anasoma ufundi wa magari mjini Singida, na amekuja kujifunza kwa vitendo kwenye gereji ya baba. Mimi nimeomba mwaka mzima nifungue breki, jibu ni lile lile: "Maliza mitihani kwanza."

Leo asubuhi limeletwa gari kuukuu. Ukikanyaga breki, usukani unatetemeka mikononi.

Zuhura akaliendesha kidogo, akasema, "Mjomba, diski za breki za mbele zimepinda."

Baba akacheka kwa furaha. "Huyu ndiye fundi!"

(Mimi nilikuwa nimeshika spana. Hakuna aliyenitazama.)

Zuhura alipokuwa anafunga diski mpya, niliona kutu nene pale zinapokaa. Isiposuguliwa, diski inakaa upande. Nilijua, nikanyamaza.

Wakaenda kulijaribu. Wakarudi. Bado linatetemeka!

Hapo ndipo nikajitokeza. "Baba, ni kutu. Niliiona mapema."

Wakafungua, wakasugua kwa brashi ya waya, wakafunga. Gari likatulia kabisa.

Nikasubiri sifa.

Baba akaniuliza taratibu, "Uliiona, mama, ukamwacha mwenzio afunge? Mwenye gari anashuka mlima Sekenke leo."

Zuhura akanawa mikono, akanisogezea sabuni.

Sasa yuko jikoni, anasonga ugali peke yake. Nijibuni haraka, jamani: nikimfuata, nianze na neno gani?