Mbuzi wa Ijumaa

Asubuhi hiyo nilitoka Mutomo bila mpango wowote. Lori la mbuzi lilikuwa na nafasi, nikapanda, na mchana likatushusha, mbuzi pamoja nami, kwenye bucha moja ya Sultan Hamud.

Nilimkuta mchinjaji, ambaye ni Mwislamu, akifunga mzigo wake aondoke. Ijumaa iliyopita, yeye akiwa msikitini, mpishi wa hapo alimchinja mbuzi mwenyewe kwa kuwa wateja walikuwa wanangoja nyama. Mpishi ni mtu wa kanisa. Tangu hapo hawakusemezana. Mama mwenye bucha aliogopa, maana mchinjaji akienda, wateja Waislamu wangemfuata.

"Wewe huwajui, huna upande," aliniambia. "Keti hapa katikati yao."

Sikujua pa kuanzia. Nikamwomba kila mmoja aseme anachodhani kinamuuma mwenzake.

"Anaona mkono wangu ni mchafu," mpishi akasema.

"Hapana, ndugu yangu. Wateja huniuliza mimi nani amechinja. Ningejibu nini?"

"Nilidhani nakusaidia."

"Basi nisaidie Ijumaa kwa kuamka mapema, tuchinje kabla ya swala."

"Na Jumapili nikiwa kanisani, utanisongea ugali?"

"Nitausonga. Kuula ni shauri yako."

Mama alicheka kwanza, kisha sisi. Mchinjaji akaufungua mzigo wake. Mama akashusha pumzi, akaniuliza ninalala wapi. Nilipomwambia sijui, akanionyesha chumba nyuma ya jiko, chenye kitanda cha kamba.