Chupa Chini ya Bikoni

Kwa miaka thelathini na moja, Simeon Muasya aliwabebea wapima ardhi mnyororo wa kupimia kati ya Thika na Ruiru. Darubini hakuishika kamwe. Alichimba mashimo, akasimamisha bikoni, nguzo za zege za kuonyesha mipaka, na chini ya kila moja akazika chupa tupu, mdomo chini, ili hata nguzo ikihamishwa, alama ya mpaka ibaki ardhini.

Mwaka 1996 alikuwa mstaafu, akipanga chumba Kiganjo, Thika, wakati Kulthum, fundi wa nguo kutoka Ruiru, alipobisha. Makaburi alikozikwa mamake yalipakana na shamba la kahawa lililokuwa limeuzwa, na Kulthum hakujua kwa nani. Bikoni zote nne alizozisimamisha Muasya zilikuwa zimeng'olewa. Kila wiki vigingi vipya vilisogea, na sasa vilikuwa katikati ya makaburi. Afisa wa ardhi angekuja Jumanne. Mpaka wa zamani usipoonyeshwa, vigingi ndivyo vingehesabiwa kuwa mpaka.

Muasya alimwandikia njia ya kuzifikia chupa, kurasa mbili, yote kutoka kichwani: hatua mia mbili kufuata mfereji, hadi palipokuwa na kambi ya vibarua, kisha tangi la kuoshea kahawa, alipoangukia mpima mmoja akiwa na suti yake ya harusi.

Jumapili alasiri Kulthum alirudi, buibui limejaa vumbi.

"Mzee, wewe ni mchawi! Mashimo matatu wameshayafukua. La nne hawakulijua. Shika!"

Alifungua leso aliyobeba. Muasya aliitazama chupa bila kuigusa.

"Umeitoa?"

"Sasa ningekuletea aje?"

"Na shimo?"

"Nimelifukia vizuri. Hata mimi siwezi kulijua tena."

Chupa ya bikoni ni ushahidi ikiwa palepale ilipozikwa, afisa akishuhudia ikichimbuliwa. Mkononi ni chupa ya baa yoyote. Katika kazi yake hakuna aliyehitaji kuambiwa hivyo, na katika kurasa zile mbili Muasya hakuandika jambo hilo.

Jumanne asubuhi alihesabu hatua mwenyewe kutoka kwenye tangi, Kulthum akimfuata, kulitafuta shimo la nne. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Alichimba mara tatu, kila mara udongo mgumu ambao haujawahi kuguswa.

Ng'ambo ya vigingi mwanamume mwenye koti aliegemea gari.

"Chimba tu, Mzee Simeon. Afisa anafika saa nne, nimemtumia dereva. Wewe pia tutakurudisha. Kiganjo si mbali."

Muasya hakuwa amewahi kumwona mtu huyo. Kulthum alivuka vigingi, akaenda kusimama kando ya kaburi la mamake.