Fundi Sivarajan Apinga Hataza Inayotaka Kumeza Kila Mashine

Hana shahada, hana wakili, Kiingereza chake ni cha shule ya jioni, na kompyuta yake aliiokota kwenye vyuma chakavu. Lakini saa moja asubuhi hii, katika kiwanda cha ushirika nje ya Kollam, kusini mwa India, mashine ya Sivarajan inachambua korosho.

Zinapita chini ya kamera. Nzima zinaangukia huku, zilizoungua kule. Fundi huyu wa mota, mwenye miaka hamsini na sita, anazitazama, mikono nyuma, kama mzazi siku ya mahafali.

Aliifundisha kwa picha, akisaidiwa na Ponnamma, mchambuzi wa siku nyingi. Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Wachambuzi wa hapa huweka nzuri kwenye sahani ya chuma na mbovu kwenye ungo, naye Sivarajan akazipiga picha humo humo. Mashine ikajifunza vyombo badala ya korosho. Hata kokoto ikiwa kwenye sahani, ilipita.

“Nilimwambia, kaka, huyu si mchambuzi, huyu ni muuza vyombo,” anasema Ponnamma.

Wakapiga picha zote upya, juu ya kitambaa cheusi. Leo wanawake wa ushirika wanakagua tu kinachotoka, na migongo imepumzika.

Sasa kampuni moja kubwa imeomba hataza, haki ya kumiliki uvumbuzi peke yake kwa miaka ishirini. Haidai mashine yake tu. Inadai kila mashine inayofundishwa kwa picha kutenga zao zuri na bovu. Ikikubaliwa, ushirika utaomba ruhusa au utazima yake.

Ponnamma alimuuliza nani atamsikiliza fundi wa mota.

“Sheria inamruhusu mtu yeyote kupinga hataza kabla haijatolewa,” alimjibu. “Mimi si mtu, dada?”

Hapingi hataza zote. “Aliyevumbua njia yake apewe, aieleze, nasi tujifunze. Hawa wanataka hata njia wasizozijua. Kufundisha kwa mifano? Ponnamma alifundishwa hivyo na mama yake.”

Akishinda, atawapa mafundi wa ushirika wa jirani michoro yake, bure.

Saa sita wako posta. Pingamizi lina kurasa kumi na moja, pamoja na picha za sahani na tarehe zake, ushahidi kwamba wao walitangulia. Sivarajan anapaka gundi kwa kidole. Ponnamma anakandamiza bahasha kwa kiganja kilichounguzwa na mafuta ya maganda ya korosho, hadi inashika. Karani anaigonga muhuri na kuitupa kwenye mfuko wa barua za Chennai, iliko ofisi ya hataza.